Nyuki Wamelikubali Tela Letu

Baba yangu,

Shikamoo huko uliko. Huku Itetemia miti imeanza kutoa maua, na mama hana habari nyingine ila kambi. Anataka kulala tena porini kwenye mizinga yako, hata usiku mmoja. Miguu inamvimba, kulala chini kwenye turubai kama zamani hawezi. Nikamwambia nitamtengenezea tela, kijumba cha kukokotwa na guta langu, lile la kubebea friji za wateja. Akanicheka. "Fundi friji na nyumba wapi na wapi?"

Ungeniona, Baba! Mbao nilizikataa mapema; kwenye mchanga wa njia ya kambini guta lingezama na mzigo wote. Nikapata mabamba ya foam nyeupe yaliyobomolewa kwenye chumba cha baridi cha bucha. Mepesi ajabu, bamba zima nalibeba kwa mkono mmoja. Sasa nigundishe na nini? Unakumbuka ulivyokuwa ukichagua gogo la mzinga? Unaligonga, unalinusa, unaliwekea sikio, na mimi nyuma yako "kwa nini, kwa nini" mpaka unachoka. "Huyu atamuuliza maswali hata Mungu," ulimwambia mama.

Basi nikafanya kama wewe, nikakata vipande nivijaribu. Gundi ya mafundi viatu, ile yenye harufu kali, iliitafuna foam ikaacha shimo! Nilikaa nalitazama shimo lile kama naangalia sinema. Gundi nyeupe ya mbao haikuitafuna, ila nilipobandua vipande baada ya siku kadhaa, katikati bado mbichi. Kumbe foam haipitishi hewa, gundi itakaukaje? Nikatoboa vitundu kwa spoku ya baiskeli, ikakauka na kushika barabara. Juu nikabandika mashuka ya zamani ya mama, nimeyalowesha kwa gundi hiyo hiyo, kisha rangi ya mafuta. Ukigonga sasa inalia ko! ko! kama ubao.

Zikabaki nyufa za kwenye kona za kuziba, mvua isipenye. Nikachukua bonge la nta yako lililokuwa stoo, nikaliyeyusha, nikapaka kona zote. Mlango nikauacha wazi ili rangi ikauke.

Hapo unacheka tayari, nakujua. Kila mzinga mpya ulikuwa unaupaka nta hiyo hiyo ili nyuki waje. Nimekulia kwenye kazi hiyo, na bado nikasahau! Asubuhi nakuta kundi zima limening'inia darini mwa tela, linavuma. Nilikasirika hadi machozi. Nilijiona nimemharibia mama safari yake.

Mama akaja na fimbo yake, akachungulia. Akaangua kicheko ambacho sijakisikia tangu tukuzike. "Weee! Baba yako nyuki wakimkatalia mzinga alikuwa hali chakula. Wewe wamekukubali siku ya kwanza!"

Akaagiza utolewe mzinga wako wa mwisho, ule uliouchonga ukatuacha kabla ya kuutundika. Jioni tulifukiza moshi tukawahamisha taratibu, naye amekaa pembeni anatoa amri. Wameingia, Baba. Lakini nieleze, wanajuaje kwamba mahali panafaa? Ni harufu tu, au na wao wanagonga na kunusa? Mengine nimeyapata kwa kujaribu, hili nilikuwa nikuulize wewe.

Jumamosi tunaondoka, na mzinga tunaupeleka tukautundike. Tela nililipima litoshe watu wawili, mimi na mama. Jana nikatandika magodoro, nikamuuliza atalala upande gani.

"Huu wa mlangoni." Kisha akaupapasa ule mwingine. "Wa ukutani ni wa baba yako. Usije ukaweka mizigo."

Nimeshafunga blanketi langu, mimi nitalala nje karibu na moto.

Pumzika, Baba. Tukifika nitakuita kwa jina pale kambini uje ulale, kama ulivyokuwa ukituita sisi.

Ni mimi, binti yako wa maswali