Bodi ya Mashine ya Vifaranga

Baba Watoto,

Chakula kiko jikoni, pasha. Pesti ya lehemu, ile ya kuunganishia vipuri, irudi kwenye friji, isikauke tena.

Asubuhi niliipaka pesti ile bodi yako ya umeme ya kuongoza joto la mashine, nikaipasha mpaka njia zote za shaba zikang'aa. Ilipendeza! Kufunga vipuri ndipo naona: fundi wangu, uliichapa kinyume, kama sura kwenye kioo. Hakuna kipuri kitakachokaa, na kibao cha shaba kilikuwa cha mwisho. Sikukuamsha. Ningekuamsha nikuambie nini?

Mashine imezimika tangu juzi, mayai yamepoa kabisa. ~~Yatupe kabla watoto hawajarudi.~~ Usiyaguse. Nimeyafunika kwa sweta langu. Najua hayatatoa kitu. Nitayatupa mwenyewe nikitoka kazini.

Mama Watoto