Mama Anautafuta Mlango wa Buluu

Baba Walid,

Wali umo kwenye hotipoti. Nimekwenda Bagamoyo kwa fundi. ~~Ule mlango wa chuma wa kijivu nauchukua kama ulivyotaka.~~ Hapana, nakwenda kuukataa.

Asubuhi mama yako alitoka kuota jua, mara simwoni. Nilimtafuta mpaka barabarani bila viatu. Kumbe yuko kwa jirani, Bi Habiba, amekaa sebuleni anamgombeza: "Nani kahamisha makochi yangu?" Mlango wa Habiba ni wa mbao, wa pande mbili, wa buluu, kama ule wa nyumba tuliyohama mjini. Nilipomrudisha kwetu, akagoma kizingitini. "Mwanangu, tusiingie nyumba za watu."

Jana ulinicheka, ukasema mlango ni mlango tu. Haya, cheka tena. Mimi nampitia seremala, namwagiza wa mbao, wa buluu.

Amelala sasa. Dada yako Mina yuko naye mpaka urudi. Tafadhali msimfungie kwa kufuli, ataogopa. Akiamka akauliza atakwenda kwake lini, usimbishie. Mwambie mlango wake uko kwa fundi.

Mkeo,
Mama Walid