Barakoa Isiyo na Bitana

KITUO CHA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Fundi Pindo, ndilo analoitikia
Umri: Miaka 52
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Vyumba viwili nyuma ya kanisa
Dini: Mkristo, kwa maelezo yake mwenyewe
Tarehe na saa: Jumanne, 16 Juni, saa 4:10 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ninaishi na mke wangu, ambaye kwa sasa yumo mahabusu ya kituo hiki, na watoto wetu, ambao wako kwa shangazi yao. Kushona sikufundishwa na mtu. Nilifumua suruali ya marehemu baba, nikaona ilivyoshikana. Baba Askofu ninamfahamu siku nyingi. Majoho yake yote nimeshona mimi, na kiuno chake nakijua kuliko anavyokijua mwenyewe.

Ugonjwa ulipoingia, Askofu alifunga ibada katika makanisa yake yote saba kabla Serikali haijasema neno. Watu walimsema sana, kwamba imani yake inapimwa kwa kipimajoto. Alipita vichochoroni na kipaza sauti cha mkononi, akahubiri barabarani, waumini wakimsikiliza madirishani. Waliofariki aliwazika mwenyewe, na waombolezaji aliwapanga kila mmoja kwenye kona yake ya kaburi.

Mwezi wa nne alikuja kwangu na majoho ya kwaya zote, yamefungwa ndani ya shuka. Ni kitambaa cha zambarau chenye maua madogo ya dhahabu, kiliagizwa mbali, madukani hakipo. Akasema, "Fundi, kata."

Nikamwambia, "Baba, hivi ni vitu vya Bwana."

Akasema, "Bwana hana pua ya kufunika. Watu wake wanazo. Kata, weka bitana, ugawe bure kila nyumba."

Mke wangu ni sauti ya kwanza kwenye kwaya. Alililia joho lake kama msiba, kisha akaninyang'anya mkasi akalikata mwenyewe.

Nilishona kama nilivyoagizwa. Barakoa za kanisa zote zina bitana ya pamba nyeupe kwa ndani. Lakini bitana iliisha kabla ya kitambaa. Sikumwambia Askofu. Nilishona zilizobaki tabaka moja tu, nikampa mchuuzi wa sokoni auze, tukagawana. Hata mke wangu hakujua. Nilijiambia kwamba kitambaa kinachobaki mezani ni haki ya fundi. Ndiyo sheria ya kazi yetu, ingawa sijui ilipitishwa na nani. Zilipendwa sana kwa ajili ya yale maua. Ukiinua moja juani unahesabu vidole vyako upande wa pili. Nilijua, samahani afande, kwamba zinamkinga mtu na polisi tu, ugonjwa hazimkingi nao.

Wiki iliyopita soko lilifungwa kwa ajili ya ugonjwa, vijana wakaandamana. Siku ya Alhamisi, tarehe 11 Juni, yapata saa kumi jioni, nilimwona Askofu amesimama katikati ya vijana na askari, mikono juu, akiwaomba vijana waweke mawe chini. Wengi waliweka. Wengine walizunguka kwa nyuma wakavunja duka la jumla, na mlinzi akapigwa kichwani. Hayo sikuyaona, niliyasikia. Nilisikia pia kwamba mlinzi alipozinduka alikumbuka kitu kimoja tu, barakoa za zambarau zenye maua ya dhahabu, na kwamba moja iliokotwa humo dukani. Mtaani watu walisema kwaya imepata wimbo mpya. Walicheka, na mimi nikacheka nao.

Mnamo Jumapili, tarehe 14 Juni, saa tatu na nusu asubuhi, tulikuwa kwenye kiwanja cha kanisa. Ilikuwa ibada ya kwanza ya pamoja tangu ugonjwa uingie, watu wamesimama mbalimbali kama miche. Gari la polisi likaingia. Mkuu wa kikosi akatangaza kwamba kila aliyevaa kitambaa kile apande gari. Kisha akamwambia Askofu, "Baba, tuonyeshe tu waliokuwepo Alhamisi, wengine waende zao."

Askofu akamjibu, "Mwanangu, kazi yangu ni kuchunga, si kuchagua wa kuchinjwa. Kama kitambaa ndicho mwizi, mmoja huyu hapa usoni kwangu." Akapanda wa kwanza.

Wakafuata wengine. Bibi mmoja wa kwaya, mwenye mkongojo, alimwambia askari, "Nisukume, mjukuu wangu. Duka lile nililivunja kwa goti hili bovu." Hata askari alicheka. Mke wangu alipanda nyuma ya bibi, akimshika kiuno.

Mimi nilivua yangu. Nilikuwa mstari wa nyuma kabisa. Nikaivua na kuisokomeza mfukoni.

Askari alinifikia. "Mzee, barakoa yako iko wapi?"

"Nimesahau nyumbani, afande."

"Hujui kuna ugonjwa?" Akatoa mpya ya karatasi kwenye mfuko wake, akanipa. "Jilinde, mzee wangu."

Nilimshukuru. Nilishukuru kwa sauti, mara mbili.

Akamgeukia Askofu, aliyekuwa juu ya gari. "Na huyu naye ni wenu?"

Askofu alinitazama usoni, kisha mfukoni, ambako lastiki ilikuwa imechomoza inaning'inia. Akasema, "Huyo hana kitambaa chetu. Mwache."

Tangu nimfahamu sijawahi kumsikia Askofu akisema uongo. Ule niliupima na kuukata mimi. Yeye aliuvaa tu.

Gari lilipoanza kuondoka, mke wangu aliniita kutoka juu, watu wote wakisikia. "Ivae vizuri, baba watoto. Usije ukaambukizwa na sisi."

Jumatatu mchana nilileta chai hapa. Kaunta waliniuliza mimi ni nani wao. Nikasema, "Jirani." Mke wangu alipokea chupa kupitia nondo, akaanza kummiminia bibi. Askofu, aliyetutenganisha miezi yote hii kwa hatua na kamba, sasa amefungiwa na watu wake ndani ya chumba chenye dirisha la ukubwa wa Biblia. Alikuwa amejaribu kuwapa kila mmoja ukuta wake, lakini kuta hazikutosha. Bibi alikuwa anakohoa. Alisogea mlangoni akaniuliza, "Watoto wamekula?" Nikasema, "Wamekula, Baba."

Nilipokuwa natoka niliona juu ya meza ile barakoa iliyookotwa dukani, iko ndani ya mfuko wa plastiki. Mwanga wa dirisha ulipenya ukatokea upande wa pili. Nikaitambua kazi ya mkono wangu. Nikaenda nyumbani. Naomba uandike na hilo, afande, kwamba nilitambua na nikaenda nyumbani.

Ninachosema leo ni hiki. Barakoa ya dukani ni ya sokoni, haikutoka kanisani. Chukueni mkasi mfumue za waliofungwa, mtakuta bitana nyeupe kwenye kila moja. Aliyeidondosha dukani simjui, anaweza kuwa mtu yeyote aliyepita sokoni. Mchuuzi nitawaonyesha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ni nani aliyekishona humo.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimeyasema bila kushurutishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA OFISA: Kielelezo kimekaguliwa mbele ya shahidi na kina tabaka moja. Barakoa za watuhumiwa zimefumuliwa, zote zina bitana nyeupe. Jalada limepelekwa kwa Mkuu wa Kituo na pendekezo kwamba watuhumiwa waachiwe leo, na bibi apelekwe hospitali kwanza. Kabla ya kutia sahihi, shahidi aliomba maelezo haya asomewe mlango wa mahabusu ukiwa wazi. Nilimweleza kwamba huo si utaratibu. Alisema anajua. Nimesoma mlango ukiwa wazi. Nilipomaliza, sauti ya mke wa shahidi kutoka ndani ilisema, "Afande, rudia pale bitana ilipoisha." Nimerudia.