Mstari Mwekundu wa Salim

Jumatatu, 6 Oktoba

Chai, mkate wa jana, kisha runinga. Picha ya kuingilia ya mwanangu Salim ni ile ya paka mwenye miwani. Nimeibonyeza. Chini ya filamu ya polisi wa Kikorea mstari mwekundu, ule uonyeshao alipoachia kutazama, umefika karibu na mwisho. Jana ulikuwa nusu. Basi yu hai, macho anayo, na akili hana: sehemu tatu kwa siku moja, na kesho yake ni kazi.

Nimeandika daftarini: Salim, ameingia, ametoka. Miaka ishirini na tisa niliandika hivyo getini, kwenye maghala ya mafuta hapa Changamwe, lori kwa lori. Darasa la tano lilinitosha kwa kazi hiyo. Sasa nina lori moja tu, nalo liko Uarabuni.

Jumatano, 8 Oktoba

Mstari pale pale. Labda yuko zamu ya usiku. Ni bawabu kama baba yake, ila yeye ana jengo la vioo na mimi nilikuwa na kibanda cha mabati.

Niandike ukweli, maana daftari halina mdomo. Miezi kumi na moja sijasikia sauti ya mwanangu. Mamake alipofariki, tajiri wake alimnyima ruhusa ya kuja. Akapiga simu tumetoka kuzika, udongo ungali kuchani. Nikamwambia asinipigie tena mpaka aje kwa miguu yake. Ilikuwa hasira. Mtoto yule tangu azaliwe hajanitii hata siku moja. Hilo moja akalitii. Laini yake sasa haipatikani. Wakala aliyempeleka kashafunga ofisi. Marafiki zake siwajui.

Ila hii akaunti ya filamu aliianzisha yeye, kabla hajasafiri, siku aliyotuletea runinga. Aliichukua kupitia kampuni ya king'amuzi, kwa jina la mamake. Picha tatu: ya mama, yangu, yake. Akaondoka nayo kwenye simu. Malipo nalipa mimi, pamoja na ya king'amuzi. Hajui, au ajua na kanyamaza. Kila mwezi namlisha mwanangu kwa macho.

Ijumaa, 10 Oktoba

Umesogea! Na si polisi tena. Ametazama mapishi. Sehemu nne, watu wapika biriani tu. Mtoto ana njaa. Au amechoshwa na chakula cha kambi yao ya wafanyakazi. Mamake angelia. Mimi nimecheka peke yangu kama mwehu, nikaenda msikitini, nikafika nikakumbuka kofia nimeiacha juu ya runinga.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kampuni ya king'amuzi imetuma ujumbe. Filamu zapanda bei mwezi ujao, eti kwa kunihudumia vyema zaidi. Nimemsomea jirani yangu Katana. Huyu alikuwa dereva wa lori la mafuta. Nilikuwa nikimchelewesha getini kwa raha zangu tu, na hajanisamehe mpaka leo.

"Nyinyi Waswahili mwapenda madalali," akasema. "Hata filamu mwapitia kwa dalali! Mimi nalipa wenye filamu wenyewe. Moja kwa moja. Bei chini, picha safi."

Nikamuuliza picha safi ataifanyia nini na ile miwani iliyofungwa uzi.

Lakini amenichoma. Dalali! Mimi!

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimewaza siku mbili. Kuna jambo jengine, na si bei. Kila nikiwasha, runinga huandika: Karibu, Mwanaisha. Mwanaisha nimemzika. Nikienda moja kwa moja kwa wenye filamu, kwa namba yangu, itaandika jina langu. Salim atawasha simu yake kule, atasoma: Karibu, Athumani. Atajua mzee yupo. Atajua mzee ndiye alipaye. Sitakuwa nimempigia. Sitakuwa nimeomba radhi. Jina tu litakuwa limesimama pale, limsubiri.

Fikra nzuri. Nimejisifu. Nimenunua mahamri mawili ya kujipongeza.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimewapigia kampuni asubuhi. Muziki dakika kumi. Kisha msichana, sauti tamu, matamshi ya bara. Nikamwambia nataka kutoka kwao niende kwa wenye filamu. Akasema akaunti ilifunguliwa kwao, haihamishiki, nikitoka yafungwa.

"Baba, kila kitu kitafutika. Hizo picha tatu, na vyote mlivyotazama. Niendelee?"

Nami nilikuwa nishaanza mchezo wangu. Nikamwambia, "Endelea, mwanangu, na ukimaliza uje unifagilie ua." Akacheka. Nilifurahi kumchekesha. Alichoniambia kilipita hivi, sikukishika. Nilikuwa nasikiliza kicheko.

Alasiri Katana kaja kuniunga. Wazee wawili, simu moja, runinga moja. Saa mbili nzima, na matusi. Paswadi tumebishania kama mahari. Mara ya kwanza kaandika jina lake mwenyewe, mwizi huyu, tukaanza upya. Mwisho ikatoka: Karibu, Athumani. Tukapeana mikono.

Picha moja. Yangu.

Nikamuuliza wale wengine wako wapi.

"Wengine gani? Hii mpya, mzee. Haina mtu."

Jumatano, 15 Oktoba

Nimepiga tena. Safari hii mwanamume. Kilichofutwa hakirudi, kasema. Nikamwambia yule paka mwenye miwani ni mwanangu. Akaniuliza kama kuna jambo jengine angeweza kunisaidia.

Hakuna.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimekwenda ofisini kwao, mjini kisiwani. Foleni. Nilichukua daftari, waone siwadanganyi: tarehe zote, saa zote, alichotazama, alipoachia. Kijana wa kaunta akasoma kurasa mbili, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akasoma amesimama, halafu akakaa.

"Mzee wangu, hii ni nini?"

Nikasema ni mwanangu.

Wakaniletea maji kwenye glasi. Hapo nikajua mambo yamekwisha. Ofisini hawampi mtu maji ya glasi ila wamekosa la kumwambia. Anwani ya barua pepe alitunga Salim mwenyewe, nayo imefutika pamoja na akaunti, hata kampuni haina njia ya kumwandikia. Wako tayari kunifungulia nyengine, mwezi wa kwanza bure. Salim hayumo humo.

Nimerudi kwa miguu kutoka stendi. Malori yamesimama foleni hadi Chaani. Nimejikuta nasoma namba zao moja moja.

Jumapili, 19 Oktoba

Katana kaja na madafu. Nimemfukuza. Nikamwambia yeye na picha yake safi wameniulia mtoto. Akasimama mlangoni na madafu yake.

"Athumani, uliniambia wataka filamu. Hukuniambia watafuta mtu."

Kweli. Sikumwambia. Sikumwambia yeyote. Nilikuwa na haya kusema kwamba habari za mwanangu nazipata kwenye runinga.

Na kuna baya kuliko hilo, sijawahi kuliandika. Miezi minne ya mwanzo laini ya Salim ilikuwa yaita. Najua ilikuwa yaita kwa sababu nilijaribu, ikiita mara moja nakata. Nilijiambia kuna haja gani, si yuwatazama filamu, si mzima? Mstari ukanitosha. Siku moja nikajaribu, haikuita tena. Hata hapo sikushtuka. Nilikuwa na mstari.

Mimi ndiye niliyempitia mwanangu kwa dalali. Mlango wake ulikuwa wazi na mimi nikaenda dirishani kuchungulia.

Ijumaa, 24 Oktoba

Leo nimewaza upande wake. Ametoka zamu, amechoka, amelala kitandani na simu yake. Amebonyeza. Imefungwa. Atasema nini? Atasema: mzee kanikataza kupiga simu, sasa na hii kanifungia. Kanikata kabisa. Mimi ningesema hivyo hivyo. Wallahi sina neno la kumtetea mzee huyo.

Nimeongeza picha ya pili kwenye akaunti mpya. Nimeiandika Salim. Nimetafuta paka, hakuna paka. Nimemwekea bundi. Kisha nikakaa naitazama kana kwamba kuna mtu atakayeingia.

Nimebonyeza mapishi mwenyewe, kwa picha yake, sehemu moja, mpaka mstari ukatokea. Mwekundu, mfupi. Nimeufuta. Zee la miaka sabini na tatu lajitengenezea mtoto kwa rimoti.

Jumatatu, 27 Oktoba

Runinga sijaiwasha siku tatu. Katana kapita nje, kakohoa kwa makusudi. Nami nikakohoa. Ndiyo salamu yetu kwa sasa.

Sina cha kuandika. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka.

Alhamisi, 30 Oktoba

Baada ya magharibi tumesoma Yasini msikitini, kama kila Alhamisi. Tukimaliza, maalimu huomba dua na watu humtajia majina: marehemu kwanza, halafu wagonjwa na wasafiri.

Ilipofika zamu ya marehemu nilimtaja Mwanaisha. Mwenzangu wa kulia akasubiri kidogo, akidhani nina jengine. Nami nilikuwa nalo ulimini, la Salim. Sikulitoa. Nikashukuru sikulitoa. Kisha ikaniingia hofu, huenda nimemkosesha haki yake, huenda ndipo mahali pake na mimi nakataa tu kwa ubishi.

Ikafika wagonjwa. Ikafika wasafiri. Nikasema, Salim bin Athumani.

Maalimu ndiye aliyemfundisha Salim alifu na bee. Akaniangalia, akauliza polepole, "Hajambo huko?"

Miezi yote hii jibu langu lilikuwa moja, na la haraka: hajambo, mzima, yuwala biriani. Watu wote wanisubiri.

Nikasema, "Sijui, maalimu."

Akalitia jina kati ya wasafiri, akalivuta kidogo kuliko mengine. Tukaitikia amin.

Nimerudi nyumbani, runinga sikuiwasha. Nimekula wali wa mchana, baridi, robo sahani.