Chokaa Nyeupe na Buibui Wanne

Jumatatu, 2 Februari 1953
Ukuta wa sebule, mkono wa pili wa chokaa. Jumamosi kamati inakuja kukagua nyumba, hadi ndani ya kabati. Nikifaulu napata carte ya mérite, cheti cha Mweusi "mstaarabu", na usiku nitapita ville, mji wa Wazungu, bila polisi kuniuliza kitu. Miaka kumi na minne nawachongea vitanda, usiku nafukuzwa.

Jumanne, 3 Februari
Buibui wanne! Wapana, hawana utando, wametulia ukutani kama viganja. Nimepima kwa metre: mkubwa sentimeta tisa, mguu kwa mguu. Ukoo mmoja, aina tatu: wawili wa kijivu, mmoja wa manjano, mmoja miguu yenye mistari. Kabla ya chokaa: sifuri. Yaya Albertine, dada yangu mkubwa, amecheka. "Balikuwaka humu siku zote, mudogo. Kwa ukuta muchafu haukubaona."
Siku mbili za kazi, ili uchafu uonekane vizuri.

Jumatano, 4 Februari
Nimewatoa wote. Ufagio na bakuli. Mke wangu juu ya meza, anapiga kelele.

Alhamisi, 5 Februari
Mende kumi na mmoja kabatini. Kabati niliyoichonga mwenyewe! Yaya: "Ulifukuza balinzi, sasa bezi banafurahi." Nina hasira na kila mtu.

Ijumaa, 6 Februari
Nimekwenda kwa jirani Célestin, fundi cherehani, ambaye hajagusa chokaa maisha yake. Kuomba buibui. Akatangazia avenue nzima: "Kuyeni muone! Évolué anaomba buibui!" Évolué, yaani mstaarabu, ndiye mimi. Amenipa watano ndani ya boîte ya biskuti. Nimesema merci kwa shida. Nimewafungia kabatini. Mende wawili kila mmoja, anabaki mmoja. Inawezekana.

Jumamosi, 7 Februari
Wazungu wawili na karani. Wamehesabu uma, wamefunua vitanda, wamefungua kabati. Mende: sifuri. Ila buibui mkubwa alitoka, akasimama kwenye ukuta mweupe, karibu na kofia ya Mzungu mnene. Mzungu akamwona. Yaya, na kahawa mkononi: "Ule iko kazini, monsieur. Anakulaka mende." Karani akatafsiri. Mzungu akaandika. Akaandika sana.

Jumapili, 1 Machi
Carte nimepewa jana. Nimemsomea Yaya haki zote, moja moja. Akauliza polepole: "Na kule ville, usiku, uko na nani wa kutembelea?"
Nimehesabu. Hata mmoja.
Amenijazia sahani. Tumekula.