Televisheni ya Jumapili

Kisiwa cha Lewis, Uskoti, Machi 1975

Mwanangu Torkil,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Hujambo huko kwenye mtambo wa mafuta? Kifua vipi? Mimi mzima, ila magoti tu, na baridi ya mwaka huu haina adabu. Kondoo wako yule mwenye sikio bovu kazaa mapacha. Anayeniandikia ni mkeo Marsaili. Nimemwambia aandike kila nitakalosema, hata asilolipenda.

Sasa sikia. Mkeo anasoma chuo kikuu. Ndiyo, humu humu jikoni. Vitabu vinakuja kwa posta, mwalimu anatokea kwenye televisheni, na walimchukua bila kumuuliza cheti. Anasomea mawe. Alikuficha kwa kuogopa utamcheka.

Tabu ni kwamba somo lenyewe linakuja Jumapili asubuhi, na unajua hapa kwetu siku ya Bwana hata nguo haianikwi. Akawa anaziba dirisha kwa blanketi. Lakini jirani yetu Doilina ana macho ya paka, akaona mwanga, na akishajua yeye kisiwa kizima kimejua. Mkeo akafungia vitabu sandukuni, akasema basi, hataniaibisha kanisani. Wiki hiyo jikoni kulikuwa kama kuna msiba. Hata uji ulikosa chumvi.

Siku moja mkeo yuko kwa kondoo, akaja Murdo, mzee wa kanisa. Nikampa chai. Akazunguka weee, mara mvua, mara nyonga yake, mwisho akauliza ni nani anayewasha kile kitu siku ya Bwana. Nikamwambia, "Ni mimi, Murdo. Usingizi sina, naangalia mawe." Akakohoa, akamaliza chai, akaondoka.

Hapa mkeo kaacha kuandika, analia. Alikuwa hajui. Kwa kosa hilo wazee walinizuia Meza ya Bwana, na nilipokaa nyuma na wasioshiriki, nilimwambia ni miguu. Andika, binti yangu, karatasi inalowa.

Na usinihurumie, Torkil, maana uongo wenyewe haukubaki uongo. Jumapili iliyofuata nilimtolea vitabu sandukuni, nikawasha mwenyewe, nikakaa naye. Kumbe lile jiwe la mlangoni, nililokalia miaka yote nikipasua samaki, lilikuwepo kabla bahari haijawa na samaki hata mmoja. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Mtihani ni Oktoba. Omba likizo, uje uangalie kondoo. Ukifika Jumapili asubuhi, vua viatu nje, ingia polepole, ukae kimya. Tutakuwa darasani.

Wasalimie wenzako wote, na uvae ile sweta.

Mama yako,
Peigi
(alama yangu: X)