Kwa Janelle, Aliyekataa Kukipitisha

Mwaka umetimia, Janelle, tangu asubuhi ile ya Machi saratani ilipomaliza kazi yake ya wiki kumi na moja, na udongo wa mji wetu wa Pueblo ukakufunika kando ya baba yako. Tunaandika kwa macho makavu. Mama yako anasema machozi yalikwisha Krismasi. Kilichobaki ni ukweli.

Tunakumbuka wema wako. Hukuwa mtu wa maneno matamu. Ulipiga simu kutoka kiwandani Aurora katikati ya kazi, ukasema, "Mama, anua nguo, ingiza gari, mvua ya mawe inafika saa tisa," kisha ukakata. Hata salamu hakuna. Saa tisa mawe yalidondoka makubwa kama mayai, na majirani waliokuwa wakitucheka wakabaki kutazama vioo vya magari yao. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yako ya kupenda.

Tunakumbuka hukujipaka manukato hata siku ya harusi ya kaka yako Curtis, kwa sababu Jumatatu ungeingia kile chumba cha kiwandani kisichotakiwa chembe ya vumbi, ambamo hata poda ya uso ni kosa. "Dada, unanuka sabuni ya kufulia," alikutania. Ukamjibu, "Na mkeo ananuka duka zima. Twende tukacheze."

Kazi yako uliitaja kwa kifupi, maana ilikuwa ya jeshi na ulikula kiapo. Tulichojua ni kwamba kiwanda chenu kiliunda setilaiti za hali ya hewa, na wewe ulipima chombo kimoja kinachohesabu chembe zinazorushwa na jua. Chembe zikizidi, redio za askari hunyamaza na mitambo iliyoko angani huharibika. Chombo kikihesabu sawa, watu hujiandaa. Kikidanganya, bora kisingekuwapo.

Chako kilidanganya. Hukutuambia, tumeyajua mwaka huu, kwa kinywa cha mkubwa wako mwenyewe. Ulikifungia katika pipa kubwa lisilo na hewa, ukakipoza kama kitakavyopoa kikipita kwenye kivuli cha dunia, nacho kikaanza kuhesabu chembe zisizokuwapo. Ukarudia mara tatu, ukaandika namba zote daftarini, ukakataa kukipitisha.

Mkubwa huyo, Grant Pelletier, alikuwa ameshaahidi tarehe ya roketi. Akasema hizo ni kelele za nyaya za maabara, si kosa la chombo, akakuhamishia dawati lingine, akakipitisha mwenyewe. Ulipofariki, maua ya kaburini hayajanyauka, watu wa kiwanda wakasafisha meza yako. Kwao karatasi za mtu aliyeondoka husagwa, ndiyo kanuni ya siri. Wakalisaga na daftari. Watu waliotundika shahada ukuta mzima, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kufunua jalada aone kuna nini.

Setilaiti ikarushwa Septemba. Oktoba, kila ilipoingia kivulini, ikatangaza dhoruba ya jua ambayo haikuwapo. Jeshi likauliza nani alikipima chombo. Kwenye fomu, jina la mpimaji lilibaki lako. Maiti hajitetei. Kufikia Krismasi, Curtis alikuwa amesikia kutoka kwa fundi mmoja wa kiwanda chenu kwamba "yule marehemu alivuruga vipimo, labda ugonjwa ulishapanda kichwani." Binti yako Tessa naye akasikia. Ana miaka kumi na mitano, sasa anaishi na bibi yake. Aliacha kukutaja mezani. Wewe, mama yake, akaanza kukuonea haya.

Februari Pelletier akabisha hodi, na boksi la chokoleti mkononi. Mama yako alimkalisha jikoni na koti lake mwilini.

"Mama Mlakar, tunamkumbuka sana Janelle. Alikuwa kama familia kwetu."

"Familia haikuonekana mazishini. Ilituma kadi yenye sahihi ya kuchapishwa. Umefuata nini?"

Akakohoa. "Labda aliacha daftari hapa. La vipimo vya baridi. Tukizipata zile namba, tunaweza kusahihisha hesabu tukiwa huku chini."

"Mambo ya siri jikoni kwangu? Mwanangu hakuleta hapa hata kalamu yenu. Alizifuata sheria zenu, bwana mkubwa, kuliko nyinyi mlioziandika."

"Hata kipande cha karatasi?"

"Hata kipande. Kama lilikuwapo, lilikuwa mezani kwake. Si mlisema karatasi zake zote mlizisaga?"

Pelletier alikuwa anainuka, Tessa aliposema kutoka mlangoni, "Kama mama alikosea, namba zake unazitafutia nini?"

Pelletier akatazama chokoleti zake. Mtu wa cheo kile, mwenye maegesho yaliyoandikwa jina lake, akakosa pa kuweka mikono.

"Hakukosea," akasema.

"Sikusikia," mama yako akasema. Alisikia vizuri.

"Hakukosea. Alinionya. Mimi ndiye niliyekipitisha." Kisha yote yakamtoka, pipa, baridi, dawati, kama maji kwenye bomba lililopasuka.

"Sasa kayaseme hayo jeshini kabla ya Ijumaa," mama yako akamwambia. "La sivyo nitakwenda mimi, niwaambie ulikuja kuomba daftari la mtu mnayemwita mzembe. Na chokoleti zako beba."

Alikwenda. Tusimwite jasiri, alimwogopa bibi aliyevaa aproni. Barua ya kamati ya jeshi imefika wiki iliyopita, mistari minne. Inasema "mpimaji aliyehusika alitoa onyo sahihi, na onyo hilo halikufuatwa." Pole hakuna, samahani hakuna. Mpimaji aliyehusika! Utadhani wanataja parafujo.

Tessa aliisoma akiwa amesimama. "Bibi, hawa hawajui kuandika jina la mama?"

"Wanalijua, mjukuu wangu. Linawaunguza vidole."

"Basi liandike wewe. Gazetini."

Ndiyo maana tangazo hili ni refu, na tumelilipia kila mstari bila kinyongo. Wanaokukumbuka ni mama yako Roselyn, binti yako Tessa, ambaye sasa anakutaja kila siku na kwa sauti, na kaka yako Curtis na mkewe Paulette. Siku zetu zote hutatutoka moyoni, wewe mpimaji aliyehusika, Janelle Marie Mlakar.